Mwiba Uliomtangulia Mwenyekiti

Usiku wa jana, hasira ikiwa bado haijanitoka kifuani, niliota kwamba kikao cha kamati yetu kilikuwa kinaendelea ndani ya kichwa cha Profesa Rwezahura.

Sikushangaa. Katika kikao halisi, kile cha mchana, mambo hayakuwa mbali na hapo.

Yanipasa kwanza kueleza hasira hiyo ilitoka wapi, kwa maana ndoto haikuianzisha, iliiendeleza tu. Mimi ni Namsifu Mbwambo, mhadhiri wa uhandisi mitambo. Kwa muda mrefu nimechunguza swali moja: kitu butu kinapokwenda kwa kasi inayozidi ya sauti mara sita, kisaidiweje ili hewa isikizuie mno? Mtu atauliza kwa nini kisichongwe kiwe na ncha tangu mwanzo. Ni kwa sababu ncha huyeyuka. Chombo kinachorudi ardhini kutoka juu kabisa hupewa kichwa kipana cha mviringo, mfano wa nusu chungwa, ili joto lisukumwe mbali na uso wake. Kichwa hicho huwaokoa abiria, lakini husukumana na hewa kama mtu anayelazimisha kabati lipite mlangoni. Mojawapo ya dawa zake ni mwiba: fimbo nyembamba ya chuma inayofungwa katikati ya uso ule butu na kuchomoza mbele. Mwiba huipasua hewa kabla kichwa hakijafika, na ukinzani hupungua, pengine hata kwa nusu.

Tulikuwa tumetengeneza mfano wa chuma wenye ukubwa wa ngumi. Maabara moja ya ng'ambo, yenye handaki la upepo, yaani bomba ambamo hewa hupulizwa kwa kasi hiyo, ilikubali kuupima mara moja, bila kurudia. Jana kamati ilikaa kuamua kama mfano uende na mwiba au bila mwiba. Waliotaka mwiba walilingana na wasioutaka. Ndipo mwenyekiti wetu, Profesa Rwezahura, mtu mwenye sauti ya kutuliza na kipara kinachong'aa, akafanya lile analolifanya katika kila mgogoro, uwe wa ratiba, wa vyumba vya ofisi au wa vitafunio vya semina. Akatafuta suluhu.

"Ndugu zangu," alisema, "tusigombane. Tuukate nusu. Kila upande utakuwa umepata."

Wakapiga makofi. Nilisimama nikaeleza kwamba mwiba nusu haufanyi nusu ya kazi. Mwiba ukiwa mfupi mno, hewa iliyo mbele ya kichwa huanza kupwita. Hujaa, hutawanyika, hujaa tena, mpaka chombo kizima kinatikisika. Wenye kupima watadhani tumewapelekea kengele.

"Dokta," alisema Profesa kwa upole, "sayansi nayo inahitaji maelewano."

Baada ya kikao alinifuata ofisini. Profesa Rwezahura hapigi hodi. Tangu nimfahamu hajawahi kupiga. Huingia akiwa tayari katikati ya sentensi, nawe unapoinua uso, sentensi imeisha. "...na kwa hiyo kesho asubuhi uufikishe karakana ukakatwe," alisema, akatoka. Nikaufunga mwiba katika leso, nikautia mkobani, nikaenda nao nyumbani. Nikauweka juu ya stuli kando ya kitanda, nikalala nikiwa nimeuma meno.

Basi tuko ndani ya kichwa cha Profesa. Ni ukumbi wa mviringo, wa chuma kitupu, wenye madirisha mawili ambayo ni macho yake. Mwenyewe ameketi kichwani pa meza akiongoza kikao, na papo hapo ndiye kichwa kinachotubeba. Hakuna mjumbe anayeliona hilo kuwa tatizo. Nje, nyota zinapita kama punje za mchele zinazomwagwa.

Katibu wetu, Bwana Semkiwa, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni, anatuonyesha bango lililoandikwa kwamba tunarudi ardhini kwa kasi inayozidi ya sauti mara sita. Ameliandika kwa sababu hawezi kulisema. Kila mjumbe anapofungua kinywa, sauti yake inabaki nyuma, nasi tunaiacha. Midomo inacheza na hakuna kinachosikika. Kura zinapigwa kabla ya hoja kufika. Namwashiria Semkiwa kwamba utaratibu huu si halali. Anaandika kwenye kipande cha karatasi na kunisogezea: "Ndivyo tufanyavyo siku zote."

Ndipo sauti ya kwanza ikasikika. Ilikuwa nyembamba na safi, na ilitoka ndani ya mkoba wangu, niliouweka mbele kabisa, dirishani.

"Mimi nasikika," ilisema, "kwa sababu niko mbele. Katika mwendo huu, sauti ya aliye mbele huwafikia walio nyuma. Ya aliye nyuma haimfikii mtu. Nilidhani katika kamati ya wahandisi hilo linajulikana."

Mwiba alikuwa ametoa kichwa nje ya leso. Alikuwa na sura ya mtu aliyekaa foleni tangu alfajiri akaambiwa dirisha limefungwa.

Wajumbe wakanyanyua viti wakahamia mbele, wote kwa pamoja, wakikanyagana. Kuanzia hapo tukasikilizana.

"Nani amemruhusu huyu kuzungumza?" aliuliza Profesa.

"Sikuomba ruhusa, Profesa. Mimi ndiye ajenda," alisema Mwiba. "Mnataka kunikata nusu. Nataka nijue kosa langu."

"Huna kosa lolote, kijana. Ni suluhu tu."

"Kwa hiyo nakatwa bila kosa?"

"Umelichukua kibinafsi mno," alisema Profesa.

Kwenye kiti cha wageni alikuwa ameketi Msumeno, amevaa koti la kaki la karakana, meno yake yamepangwa vizuri. Aliinua mkono kwa heshima. "Samahani wakubwa. Mimi nimeitwa kwa kazi ya asubuhi. Nimewahi. Naweza kuanza?"

"Bado," nilisema.

"Sawa, mama. Nasubiri."

Mwiba alimgeukia. "Wewe na mimi ni chuma kimoja. Huoni haya?"

"Ndugu yangu, mimi natekeleza azimio," alisema Msumeno, akaanza kujisafisha meno kwa kitambaa.

Nilihisi damu ikinipanda. Ilikuwa hasira ileile ya mchana, isipokuwa ndotoni ilikuwa na rangi ya nyanya na imekaa mapajani mwangu kama paka. Nikaipapasa ili isiruke mapema.

Ghafla Bwana Semkiwa akapiga kelele. Ardhi ilikuwa imeonekana, lakini njia ya kuifikia ilipita katikati ya nyumba ya mtu.

Ni nyumba ya Bi Hewa. Ina kuta za rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na mlango wenye pazia. Uani wamejaa ndugu zake, wadogo, wa duara, wasiohesabika, wasiokaa mahali pamoja hata kwa dakika. Wanapepeta mchele, wanasukana nywele, wanabishana kuhusu chumvi. Bi Hewa mwenyewe ameketi juu ya mkeka, amejifunga kanga kifuani, anakunywa chai. Hana habari yetu. Hawezi kuwa na habari yetu, kwa sababu kila mlio tunaoutoa uko nyuma yetu.

"Tunapita," alisema Profesa.

"Hatujapiga hodi," nilisema.

"Sisi si wageni, Dokta. Sisi ni chuo."

Nilimtolea Bi Hewa shikamoo yangu kupitia dirishani, kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza. Ilibaki njiani.

Tukaingia uso mbele. Wale ndugu hawakupata nafasi hata ya kuinua vichwa. Walibanwa mbele ya uso wa Profesa, mmoja juu ya mwingine, wakajikusanya wakawa ukuta uliopinda, mwembamba, mkali kama ukingo wa sahani. Vitabu vyetu huuita wimbi la mshtuko. Nilikuwa nimeuchora mara nyingi, kwa kalamu na rula, lakini sikuwahi kuona kwamba ukuta ule una nyuso, na kwamba kila uso umekasirika. Walipata joto kwa kubanwa. Wakang'aa. Wakatusukuma kwa mikono yao yote, na ukumbi wetu ukaguna, na viti vyote tulivyovileta mbele vikatusaga tumboni.

Tukasimama katikati ya uani. Mchele ulikuwa umetapakaa hadi juu ya bati. Ndipo shikamoo yangu ikafika nyuma yetu, ikihema.

"Marahaba," alisema Bi Hewa. Alikuwa ameanguka chali, kikombe bado mkononi.

Akainuka. Nimeona watu wengi wenye hasira, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, lakini hasira ya Bi Hewa ilikuwa na shinikizo linalopimika. Mapazia ya madirisha yetu yaligandamana na vioo.

"Nani mwenye kichwa hiki?"

"Mimi, Bibi," alisema Profesa. "Profesa Rwezahura. Mwenyekiti."

"Mlipiga hodi, nyie?"

"Tulikuwa na haraka kidogo, Bibi."

"Mlipiga hodi?"

"Hatukupiga."

"Haya. Mimi sina mlango? Sina pazia? Mna macho makubwa namna hiyo, mawili, kama madirisha ya benki, na hamkuona pazia? Hawa ndugu zangu wamekaa, mtu na sahani yake, mnawavaa usoni! Mkikuta mtu amesimama, huwa mnamkanyaga ndipo mmsalimie? Huyu mama huku ndani amenisalimia, salamu yake imekuja imechoka, imenikuta niko chini. Mlisomea wapi?"

Wajumbe wakatazama sakafu. Mimi, nakiri, nilifurahi. Nilitamani yote yaandikwe neno kwa neno. Nilimtazama Semkiwa, alikuwa anaandika: "Mwenyeji alitoa neno la ukaribisho."

"Hilo si kweli!" nilisema.

"Ni muhtasari," alijibu.

Nilipoinua macho, uani hapakuwa uani tena. Palikuwa ukumbi wetu wa mahafali, wenye viti vya plastiki na maua ya karatasi, na ndugu za Bi Hewa wamekaa safu kwa safu wamevaa majoho. Bi Hewa yuko jukwaani na mkeka wake. Mkutano wa usuluhishi ulikuwa umekwisha kuanza.

Mwiba alisimama mbele akiwa amejifunga leso yangu kiunoni. "Bi Hewa," alisema, "kazi yangu ni moja tu. Ni kutangulia na kupiga hodi. Mimi ni mwembamba, siwezi kumwangusha mtu. Nikifika nabisha, nasema anakuja mtu mnene nyuma yangu, naomba mpishe. Halafu nasubiri. Ndugu zako wanapata nafasi ya kusogea. Ni hayo tu ninayoomba kufanya, na kwa hayo nahukumiwa kukatwa nusu."

"Nani amehukumu?"

"Kamati."

"Kwa sababu gani?"

Kila mmoja alimtazama Profesa. Hapo nikatambua kwamba katika kikao chote cha mchana hatukuwahi kuuliza swali hilo. Tulihesabu mikono, sababu hatukuidai.

Profesa alikohoa. Kichwa chake chote cha chuma kilitoa mwangwi. "Ni suala la itifaki," alisema. "Mimi ndiye mwenyekiti. Picha ya chombo hiki itawekwa ukutani, wageni wataiona. Watauliza, ni nini hicho kilichosimama mbele ya uso wa mwenyekiti? Hakuna anayemtangulia mwenyekiti."

Kumbe! Nilikuwa nimetumia majira mazima kuandaa grafu na majedwali ya kumshawishi mtu kuhusu ukinzani, na hoja iliyokuwa inanikabili ni nani atangulie kwenye picha. Paka wa hasira aliruka kutoka mapajani mwangu akatua mezani.

"Profesa," nilisema, "katika mahafali, mkuu wa chuo akiingia ukumbini, nani humtangulia?"

Akapapasa kipara.

Ndugu za Bi Hewa wakaanza kunong'onezana safu kwa safu, na minong'ono yao ilikuwa upepo mdogo ulioinua maua ya karatasi. Bwana Semkiwa, ambaye ni mtu wa ukweli akishikwa ghafla, alisema, "Mbeba siwa."

"Naye hufanya nini, mbeba siwa?" aliuliza Bi Hewa.

"Hubeba ile fimbo ya heshima, Bibi. Hutangulia polepole. Watu wakiiona siwa, wanasimama na kufungua njia. Mkuu hupita nyuma yake."

"Mkuu huona amevunjiwa heshima?"

"La. Bila siwa haingii."

"Na Profesa wetu," nilisema, "mwaka alipoajiriwa, ndiye aliyekuwa mbeba siwa. Picha yake iko ofisini kwake, juu ya kabati. Ameikumbatia siwa kama mtoto."

Kipara cha chuma cha Profesa kikapata rangi. Kwa kitambo nilidhani tumeshinda.

"Kuna tofauti," alisema hatimaye. "Siwa haina maoni."

"Tulia kwanza, mwanangu," Bi Hewa aliniambia, kwa kuwa nilikuwa nimeshika jagi la maji, tayari kummwagia Profesa.

Profesa aliona kwamba ukumbi umekuwa mgumu. Akatabasamu lile tabasamu lake la suluhu. "Nisionekane mkaidi. Kabla ya kukata, tujaribu. Mwiba huyu ana hesi kama skrubu, si ndiyo? Azungushwe azame usoni mwangu hadi ibaki nusu nje. Tupite. Bi Hewa ataona mwenyewe kwamba nusu inatosha. Kisha Msumeno atamalizia."

"Nakubaliana na mwenyekiti," alisema Msumeno.

"Wewe si mjumbe!" nilisema.

"Natoa tu ushirikiano, mama."

Semkiwa akamfunga Mwiba kwenye uso wa Profesa, chini kidogo ya paji, akamzungusha akazama hadi nusu. Mwiba hakulia. Alisema tu, akinitazama, "Andika kwamba nilipinga." Nikaandika kiganjani.

Ukumbi ukawa nyumba tena. Ndugu wanapepeta tena mchele uleule.

Tunaingia. Mwiba anabisha: "Hodi!" Ndugu wa mbele wanageuka, wanafungua pazia, mdomo wa yule wa kwanza unaanza kusema karibu, na kabla hajamaliza uso wa Profesa umeshamfikia. Ukuta unajikusanya. Unawaka. Unatusukuma. Tunarudi. Pazia linafunguka tena, kwa kuwa hodi bado iko hewani haijajibiwa. "Kari—" Uso umefika. Ukuta. Tunarudi. Pazia. Uso. Ukuta. Vikombe vinaanguka, vinaokotwa, vinaanguka. Mlango unapiga ukingo wake kama ngoma. Mjumbe mmoja anatapika ndani ya faili. Bwana Semkiwa anajaribu kuandika na kalamu yake inachora milima. Nyumba nzima inakaribisha na kufukuza, inakaribisha na kufukuza, haraka mpaka kazi zote mbili zimekuwa mlio mmoja, na mlio huo ni wa kengele.

"Basi!" alipiga kelele Bi Hewa.

Tukasimama. Bati moja lilikuwa linaning'inia.

"Afadhali ile mara ya kwanza," alisema. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, na ilinitisha zaidi. "Mara ya kwanza mlikuwa mmekosa adabu, nikajua nasema na watu gani. Sasa mnabisha hodi huku mmeshaingia! Hodi mnadhani ni kelele ya kutoa mlangoni? Hodi ni ule muda wa kusubiri. Mmemwachia huyu mtoto neno, mmekata ule muda. Nimjibu saa ngapi?"

Nilimkumbuka Profesa akiingia ofisini mwangu na mwisho wa sentensi, na majibu yangu yote ambayo hayakuwahi kupata pa kukaa.

"Kwa hiyo," alisema Msumeno akisimama, "nikate?"

Nikainuka. Sikuomba nafasi kwa mwenyekiti. Nilipita juu ya meza, juu ya viti, nikafungua dirisha ambalo ni jicho la Profesa, nikatoka nje nikapanda juu ya uso wake. Chuma kilikuwa cha moto. Nilivua leso kiunoni mwa Mwiba, nikaizungushia mkono, nikamshika.

"Dokta Mbwambo!" Sauti ya Profesa ilitoka chini ya miguu yangu. "Unamtangulia mwenyekiti!"

"Ndiyo, Profesa."

"Huu ni utovu wa nidhamu!"

"Iandikwe."

Nilimzungusha Mwiba kinyume. Akatoka kidogo kidogo, akalia kwa msuguano, akatoka tena, mpaka alipochomoza mzima, mrefu, amenyooka. Msumeno alikuwa amepanda upande wa pili wa pua, meno mbele. Nikamtazama tu. Sijui alichokiona usoni mwangu, lakini alirudi nyuma, akateleza kwenye kipara, akapotea kuelekea nyuma yetu. Sauti yake haikutufikia.

"Tayari?" nilimwuliza Mwiba.

"Tangu kiwandani," alisema.

Tunaingia kwa mara ya tatu. Mimi nimelala kifudifudi juu ya paji la Profesa, nimeshika shina la Mwiba kwa leso. Mwiba anafika peke yake, mbali mbele yetu. "Hodi," anasema, bila kupaza sauti. Anasubiri. Nahesabu pumzi zangu. Pazia linafunguliwa. Ndugu za Bi Hewa wanainua vichwa, wanamwona, wanaelewa. Wanapeana ishara, wanajipanga pande mbili, wanaanza kupisha kutoka pale alipo, kama watu wanavyopisha maandamano ya mahafali. "Karibuni," wanasema. Neno linakamilika. Ukuta mkali hautokei tena mbele ya uso. Upo mwembamba, umeinama ubavuni, na nafasi kati yake na uso wa Profesa imejaa hewa tulivu inayojizungusha polepole, mfano wa chai inayokorogwa na mtu asiye na haraka.

Ule mkono mkubwa uliokuwa unatusukuma ukalegea. Viti vikaachia matumbo ya wajumbe.

"Aa," alisema Profesa. Sijawahi kumsikia akitoa sauti fupi namna hiyo.

Si kwamba hapakuwa na gharama. Wale waliopisha ilibidi warudi mahali fulani, nao walirudi pembeni, pale uso unapoishia na ubavu unapoanza. Walimgusa Profesa hapo, mzunguko mzima, na walikuwa bado na joto. "Panachoma," alisema. "Hapa pembeni. Kama nimevaa kofia ya bati." Nilimwambia avumilie, jambo hilo lilikuwa kwenye ripoti yangu, ukurasa ambao hakuufikia.

Na Mwiba alikuwa anaungua. Niliiona ncha yake ikibadilika: kwanza rangi ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau.

"Unaumia," nilisema.

"Naumia. Lakini naumia kwa kazi yangu. Kukatwa ni maumivu ya kazi ya mtu mwingine."

Ncha ikawa bluu.

Tulitokea upande wa pili wa nyumba. Hakuna punje ya mchele iliyomwagika. Bi Hewa alikuwa amesimama mlango wa nyuma na kikombe chake kimejaa. "Mnaona?" alisema tu. Ndani ya kichwa, wajumbe walikuwa wanapiga makofi, na kwa kuwa nilikuwa mbele yao sikuweza kuyasikia. Niliweza tu kumwona Semkiwa kupitia jicho la Profesa, akiandika: "Mwenyekiti alipita vizuri."

Nikageuka nimwambie afute. Nilifungua kinywa kwa ghadhabu yote iliyokuwa imesalia, nikaegemeza mkono, leso ikateleza, na mkono wangu ukagusa chuma chenyewe.

Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi. Jua lilikuwa limefika katikati ya chumba, na jirani alikuwa anafagia. Meno yangu yaliniuma kwa kuyauma. Stuli ilikuwa pale nilipoiacha, na juu yake leso iliyofungwa fundo lilelile. Nikaifungua. Mwiba ulikuwa mzima, mrefu, baridi. Ncha yake ilikuwa bluu.

Nafundisha somo la vyuma. Rangi hiyo naifahamu. Chuma cha namna hii hakiwi bluu kwa jua, wala kwa kulala juu ya stuli. Huwa bluu kwa moto mkali tu, nao moto huo ungeiteketeza leso. Leso haikuwa hata na doa.

Nilikuwa bado naigeuza ile ncha dirishani simu ilipolia. Jina lililotokea lilikuwa la Profesa Rwezahura. Nikapokea, nikatega sikio nisikie mwisho wa sentensi.

"Hodi," ilisema simu.

Hakuna apigaye hodi kwenye simu. Na yeye hakuwahi kupiga hodi hata mlangoni. Nilidhani ataendelea, lakini hakuendelea. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake redio ya mtu. Alikuwa anasubiri.

"Hodi, Dokta," alisema tena baada ya kitambo. "Samahani. Sijui kwa nini nasema hivi. Nimeamka vibaya. Kichwa kinaniuma, si utosini, ni hapa pembeni, mzunguko mzima. Mke wangu anasema kuna mstari mwekundu. Ananiuliza nililala na kofia gani." Akakohoa. "Ule mwiba umeshaufikisha karakana?"

"Bado, Profesa."

"Vizuri. Nilitaka... ile habari yako ya nusu, jana. Hukuimaliza."

Nilikuwa na majibu mengi, ya majira mazima, nayo yalisimama yote mlangoni pa kinywa changu kwa hasira, yakisukumana. Nikaitazama ncha ya bluu. Upande wa pili wa simu, mwenyekiti wetu alikuwa bado anasubiri.

"Karibu, Profesa," nilisema.